Amana ya Nyumba na Mzigo wa Kuthibitisha: Hali ya Mpangaji wa Kenya

Katika miji ya Kenya, funguo za nyumba hazitolewi kabla ya mpangaji kulipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana, au dipoziti kama wengi wanavyoiita, ambayo kwa kawaida hulingana na kodi ya mwezi mmoja na pengine miwili. Siku ya kuhama, fedha hizo huanza kupungua: rangi, kitasa, bomba, usafi, na mara nyingine hazirudi kabisa. Mada hii inadai kwamba kiini cha tatizo ni mahali ulipowekwa mzigo wa kuthibitisha, kuliko uovu wa wenye nyumba. Amana ni mali ya mpangaji iliyo mikononi mwa mtu mwingine. Kwa hiyo anayetaka kuikata ndiye anayepaswa kuonyesha sababu. Tulichonacho leo ni kinyume chake, yaani mpangaji ndiye anayezunguka na stakabadhi za M-Pesa akibembeleza arudishiwe kilicho chake.

Sheria zetu zimechangia hali hiyo. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura 296, inahusu nyumba za makazi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiasi ambacho wapangaji wengi wa Nairobi walikwisha kukipita zamani. Aliye juu ya kiwango hicho amebaki na mkataba wake, ambao mara nyingi umeandikwa na upande mmoja. Afrika Kusini ilichagua njia nyingine katika Sheria ya Nyumba za Kupanga ya 1999: amana huwekwa kwenye akaunti yenye riba, pande zote mbili huikagua nyumba wakati wa kuingia na wa kutoka, na kama hakuna deni wala uharibifu fedha hurudishwa ndani ya siku 7. Mwenye nyumba asiyefanya ukaguzi pamoja na mpangaji huhesabiwa kuwa amekiri kwamba nyumba iko salama. Kifungu hicho, kwa maoni yangu, kina nguvu kuliko faini yoyote, kwa sababu kinamfanya mwenye nyumba mwenyewe aone faida ya kutunza ushahidi.

Wenye nyumba watajibu kwamba wapangaji nao huhama usiku wakiacha deni na milango iliyovunjika. Ni kweli, na amana ipo kwa ajili hiyo. Lakini kwa deni la kodi, mwenye nyumba ana njia ya ziada katika Sura 293 ya Sheria za Kenya, inayomruhusu kumtumia dalali kukamata mali ya mpangaji. Mpangaji aliyenyimwa amana hana njia ya mkato kama hiyo. Hoja ya rangi ni dhaifu zaidi. Rangi iliyofubaa baada ya miaka mitatu ya kuishi ni uchakavu wa kawaida, gharama ya biashara ya kupangisha ambayo kodi ya kila mwezi imekwisha kuilipia. Ukuta uliotobolewa ni jambo jingine, na picha mbili zenye tarehe zinatosha kuonyesha tofauti.

Bunge halihitaji kusubiriwa kwa kila kitu. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya fedha ambazo mtu amezipokea na kuzishikilia. Mdai anaweza kujisimamia bila wakili, na hukumu inatakiwa kutoka ndani ya siku 60. Aidha, kifungu cha 112 cha Sheria ya Ushahidi humtwika mtu mzigo wa kuthibitisha jambo analolijua yeye hasa. Gharama halisi ya ukarabati ni jambo la namna hiyo: anayezijua risiti za fundi ni mwenye nyumba. Ninawaomba mawakili na maajenti wa nyumba waliomo katika semina hii waanze na mikataba wanayoiandika wenyewe: kila mmoja uambatane na orodha ya hali ya nyumba iliyosainiwa na pande zote mbili siku ya kuingia, na utaje tarehe ya kurudisha amana.