Hotuba Juu ya Uvimbe wa Taya kwa Watoto wa Kandokando ya Ziwa



Katika kaunti za Homa Bay na Migori, kama katika nchi nyingine zilizo kandokando ya Ziwa Victoria, uko ugonjwa wa watoto ambao mara nyingi huanza kinywani, nao huwadanganya wazazi wengi. Mtoto wa miaka mitano au sita, aliyekuwa akicheza na wenzake bila shida, huonekana magego yake yamelegea. Baada ya siku chache shavu limevimba. Mara nyingi uvimbe huo hauumi. Mama hudhani ni jino bovu, naye humpeleka mtoto aking'olewe. Jirani husema ametupiwa jicho baya. Jino latoka, lakini uvimbe wabaki na kuzidi.

Ugonjwa huo si wa jino. Ni saratani, nayo yaitwa saratani ya Burkitt, kwa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda si mrefu akaona mwingine wa namna ile ile huko Jinja. Akapekua vitabu vya hospitali, na mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo ili madaktari wa nchi nyingine wazisome. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa maili zipatazo 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi uvimbe huo waonekana. Jibu lilikuwa wazi: waonekana zaidi katika nchi za joto na mvua, tena za chini, katika nyanda za juu zenye baridi ni nadra. Madaktari wakatambua kwamba nchi hizo ndizo zenye malaria nyingi.

Ili kufahamu jinsi malaria inavyohusiana na taya, yafaa kwanza kujua jinsi mwili unavyojilinda. Ndani ya damu zimo chembe nyeupe, ambazo ni kama askari. Wako askari watengenezao silaha za kupigana na vijidudu, na wako wengine wafanyao doria, wakiwakamata na kuwaua wenzao walioharibika. Kazi ya hao wa pili ni kubwa, maana askari mwovu ni hatari kuliko mwizi wa nje.

Mwaka 1964 wataalamu watatu wa London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, walichunguza vipande vya uvimbe vilivyoletwa kwa ndege kutoka Uganda, wakaona ndani yake virusi ambavyo havijajulikana kabla ya hapo. Sasa yajulikana kwamba karibu kila mtoto wa nchi hizi huambukizwa virusi hivyo kwa njia ya mate angali mdogo. Virusi hukaa ndani ya wale askari watengenezao silaha, na kwa watoto walio wengi doria huvizuia visilete madhara yoyote.

Lakini mtoto akishikwa na malaria mara kwa mara, mambo hubadilika. Askari wa silaha huchochewa kuzaliana kwa wingi na kwa haraka, na wale wa doria huchoka. Katika kuzaliana huko kosa laweza kutokea ndani ya chembe moja, nayo ikawa haijui tena kuacha kugawanyika. Doria ikishindwa kuiona, uvimbe huanza, hasa katika taya. Ukisha kuanza, waweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili. Ndiyo sababu wiki mbili za kungoja ni nyingi mno.

Yampasa mzazi aone nini? Magego yaliyolegea bila sababu. Taya au shavu lililovimba. Jicho lililotokeza nje. Tumbo lililojaa upande mmoja. Au miguu iliyopoteza nguvu. Akiona hata moja kati ya dalili hizi, ampeleke mtoto hospitali siku ile ile, wala asikubali ang'olewe jino kabla daktari hajautazama uvimbe. Daktari atachukua kipande kidogo kwa sindano au kwa kisu ili kipimwe, na mtoto aweza kupelekwa hospitali kubwa ya rufaa huko Kisumu. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula naye wala kulala naye, basi asitengwe.

Habari njema ni kwamba dawa zake zapatikana, na watoto wengi wanaowahi kutibiwa hupona. Uvimbe waweza kunywea kwa siku chache tu baada ya dawa ya kwanza. Hapo ndipo wazazi wengine hukosea: waona shavu limekuwa sawa, wafikiri nauli na siku za shamba, wamrudisha mtoto nyumbani. Chembe chache zilizobaki huamka tena, na mara ya pili ni vigumu kuzishinda. Dawa sharti zimalizike zote.

Kuhusu kinga, kila homa ya malaria inayozuiwa humpunguzia mtoto hatari. Alale ndani ya chandarua kila usiku, na akipata homa apimwe damu na kutibiwa mapema. Tena kaunti ya Homa Bay ina sifa yake: huko ndiko Kenya ilikozindua chanjo ya malaria mwezi wa Septemba 2019, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuipokea. Chanjo hiyo haizuii malaria yote, kwa hiyo chandarua kisiwekwe kando.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Akina mama na akina baba wa Mbita, Ndhiwa, Rongo na Muhuru Bay wawatazame watoto wao kinywani, na wakiona taya limevimba, safari ya kwanza iwe ya hospitali.