Mafuta Yasiyoazimika



Injili ya wanawali kumi, isomwayo Dominika ya 32 ya Mwaka A, huwasumbua vijana wetu. Huuliza: wale wenye busara, mbona waliwanyima wenzao mafuta? Swali ni la haki. Tujaribu kulijibu kwa kazi ambayo kikundi cha wanafunzi wa sekondari chaweza kuifanya: kutengeneza chaja ya simu itumiayo mwanga wa jua.

Toka Masasi penye vilima vya mawe hadi Newala juu ya uwanda wa Makonde, jua halimbagui mtu. Hata hivyo, mkulima wa korosho ambaye simu yake imezimika wakati wa minada hapati habari za bei. Mwanga anao tele, anakosa akiba.

Chaja yenyewe ni kazi ya kueleweka. Paneli ndogo hugeuza mwanga kuwa umeme; kidhibiti huizuia betri isijazwe kupita kiasi; betri ya lithiamu, ya volti 3.7 hivi, huutunza. Na kifaa kingine huupandisha hadi volti 5 ambazo simu huzipokea. (Paneli hupenda mwanga, si joto, na betri iwekwe kivulini.) Seli za paneli hufuatana kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Jani moja la mkorosho likifunika seli moja, paneli nzima hudhoofika.

Ndivyo kilivyo na kikundi. Mmoja akilehemu waya zote huku wanne wakitazama, chaja itafanya kazi, ila mjuzi atakuwa mmoja. Huko Tilonia, India, Barefoot College, iliyoanzishwa mwaka 1972, imewafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao wasio na elimu kubwa ya darasani, kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Mafunzo hayo yalichukua miezi sita. Wanawake wa Lindi na Mtwara wamo miongoni mwao.

Chaja huazimwa, na ni vema iazimwe. Ujuzi wa kuitengeneza haukopeki usiku wa manane, bwana arusi akiwa mlangoni. Hupatikana mchana, taratibu, pamoja na wenzako. Tunadhani mafuta yale yalikuwa ya namna hiyo.

Basi walimu tunawaomba neno moja. Kazi ikiisha, mwiteni yule aliyekaa kimya pembeni, aifungue chaja na kuifunga tena mbele ya wenzake.