Kuhama Dar si kuzikwa

Nilipohama Magomeni kwenda Bagamoyo, shemeji yangu aliniuliza kama nimestaafu. Kwake yeye, mchoraji akishatoka Dar es Salaam basi amekwisha.

Nakubali, hofu ilikuwapo. Wanunuzi wa picha wengi wako Dar, na safari ya basi, kilometa kama 70 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, hula siku nzima. Lakini Bagamoyo si mji wa kulala saa mbili. Chuo cha Sanaa kipo tangu 1981. Siku hizi kinaitwa TaSUBa. Marehemu Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba aliyesifika hadi Ulaya, alifundisha hapo, na alifariki dunia mji huu huu mwaka 2003. Jioni ukipita utasikia wanafunzi wakifanya mazoezi ya ngoma. Na likija tamasha, watu wa Dar ndio wanaotufuata sisi, wakihangaika kutafuta pa kulala!

Kodi niliyokuwa nikilipia chumba kimoja, hapa imenipatia vyumba viwili na ua wenye mwembe. Chini yake ndipo ninapochorea. Mwezi uliopita shemeji alikuja, akaondoka na picha. Bado hajalipa.