Mzamiaji Mbele ya Mashine ya Eksirei

Msikilizaji, umemaliza kuzamia Pemba au Mafia, sasa unarudi nyumbani kwa ndege. Tuanze na mtungi. Ukijazwa hewa kwa ajili ya kuzamia hufika kama baa 200, na katika hali hiyo ndege haiuchukui. Kutoa hewa peke yake hakumridhishi mkaguzi, maana haoni kilichomo ndani ya chuma. Atataka valvu ing'olewe achungulie mwenyewe. Ndiyo maana wengi hukodi mtungi huko huko waendako, na wana akili.

Kisu kikae kwenye begi unalokabidhi kaunta, ndani ya ala yake. Regulata beba mkononi. Ni ghali, na mabegi hurushwa.

Tochi ndiyo wengi huidharau. Tochi kali ya kuzamia hupozwa na maji. Ikijiwasha begini, katikati ya nguo, yaweza kuunguza. Itoe betri. Betri za akiba za lithiamu usizikabidhi kaunta kamwe: ziba ncha zake kwa utepe, ingia nazo ndani ya ndege. Zikizidi wati-saa 100, omba kibali cha shirika la ndege mapema.

Kisha kuna naitrojeni, ambayo mashine haiioni. Hubaki mwilini baada ya kuzamia, na ukipaa mapema hutoa mapovu. Umezamia mara moja? Subiri angalau saa 12. Mara kadhaa, saa 18.