Kilomita Tano kwa Mwendo wa Anayechelewa

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kikundi cha mazoezi ya mbio, mbele ya mkutano wa wanachama mjini Bunda, mkesha wa sherehe za miaka kumi ya Chama Kikuu.)



Twawashukuru kwa kutupa nafasi ya kusema usiku huu, ingawa twajua ya kwamba ratiba ni ndefu na hesabu za Chama bado hazijasomwa. Tumeombwa tueleze mbio za kilomita tano zitakazokimbiwa kesho asubuhi ni kitu gani, na kwa nini watu wazima, wenye waume na wake na wajukuu, wameonekana tangu mwezi wa Juni wakikimbia barabarani alfajiri bila ya kufukuzwa na mtu.

Twaanza na hilo la kufukuzwa, maana ndilo lililotupa taabu ya kwanza. Katika vijiji vyetu mtu mzima hakimbii. Akikimbia, ama kuna msiba, ama nyumba inaungua, ama ng'ombe wameibiwa. Asubuhi ya kwanza upande wa Butiama, mzee mmoja alitoka nje na rungu lake mkononi, akatuuliza ng'ombe wamepelekwa njia gani. Tulipomwambia ya kwamba hakuna wizi, twafanya mazoezi tu, alinyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo hatutayarudia hapa mbele ya wageni.

Yatupasa kukiri kwanza ya kwamba jambo hili tulilianza mwaka jana, tukalivuruga. Tulikusanyika watu wengi, vijana kwa wazee, tukapiga filimbi, tukakimbia kilomita tano siku ile ile ya kwanza kana kwamba twashindania kombe. Kesho yake nusu yetu hawakuweza kushuka kitandani. Baada ya majuma mawili tulibaki watu tisa, na wote tisa walikuwa vijana ambao wangekimbia hata kama kikundi kisingekuwapo. Wale tuliowataka, yaani karani anayekaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, mama mwenye duka, mkulima aliyepita miaka 50, walikwenda zao wakiwa na maumivu ya miundi na aibu.

Basi mwaka huu tulitafuta maarifa. Tulikuta ya kwamba wenzetu wa mbali walikwisha kutatua shida hii zamani. Huko Auckland, New Zealand, mapema katika miaka ya 1960, kocha Arthur Lydiard aliwakusanya watu wazima, baadhi yao wakiwa wamekwisha kuugua moyo, akawafundisha kukimbia polepole, mwendo ambao mtu aweza kuzungumza na mwenzake. Na mwaka 1996 kijana mmoja wa Marekani, Josh Clark, alitunga mpango wa majuma tisa ambao alitaka hata mama yake mzazi auweze. Mpango huo ndio tulioufuata.

Kazi yake ni hii. Mtu hufanya mazoezi siku tatu tu kwa juma, na kati ya siku hizo hupumzika. Juma la kwanza hutembea dakika tano kwa haraka, kisha hukimbia dakika moja na kutembea dakika moja na nusu, akirudia hivyo kwa muda wa dakika 20. Hayo tu. Kila juma kukimbia huongezwa kidogo na kutembea hupunguzwa, hata mwisho wa juma la tano mtu hukimbia dakika 20 bila kusimama, na mwisho wa juma la tisa dakika 30. Aliyeshindwa juma fulani hulirudia bila kuulizwa. Sisi tulirudia mengi, ndiyo maana majuma tisa yalikuwa 12.

Kwa nini polepole hivyo? Moyo na mapafu hujifunza upesi. Katika majuma machache mtu huona pumzi imekuwa nyingi. Lakini kano na mifupa hujifunza kwa kuchelewa. Mtu husikia nguvu kifuani, akaongeza mwendo, na miguu ambayo haijawa tayari humwangusha. Wale wa mwaka jana hawakuwa wavivu. Tuliwaumiza sisi.

Kipimo chetu cha mwendo tulikitoa hapa hapa nyumbani. Kwetu hupiti mtu njiani bila kumwamkia. Tukaweka amri: kila mkimbiaji amwamkie kila anayekutana naye, na salamu ikamilike, habari za nyumbani na za watoto. Anayeshindwa kumaliza salamu kwa kukatika pumzi amezidisha mwendo, apunguze. Kadhalika amri hii ilituletea amani na watu wa vijijini, maana mtu anayekimbia na kukuamkia kwa heshima huwezi kumdhania mwizi kwa muda mrefu.

Siku za mazoezi zilitaka mashauri. Jumamosi ni siku ya ibada ya ndugu zetu Wasabato, ambao ni wengi kwetu, na Jumapili ni ya Wakristo wengine. Tukachagua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 12 kamili asubuhi, ili anayevuna pamba awahi shamba na muuza samaki awahi soko.

Saa hiyo haikuwa saa yetu ya awali. Juma la nne, kundi la Bunda lilikuwa likitoka mapema zaidi, giza likiwapo, na katika barabara kuu iendayo Sirari mwenzetu mmoja aligongwa na pikipiki, akavunjika mguu. Mwenye pikipiki hakuwa na kosa kubwa. Sisi tulikuwa watu wenye nguo nyeusi, katika giza, juu ya lami, tukiipa mgongo barabara. Tangu siku ile hakuna kundi linalotoka kabla ya kupambazuka, hakuna linalokimbia kwenye lami, na tukiwa barabarani hukimbia upande ambao magari hutujia usoni. Mwenzetu huyo hatakimbia kesho. Ameomba awe mshika saa, tumekubali.

Vijana nao walikuwa na malalamiko yao. Walisema twawachelewesha, na ya kwamba kukimbia dakika moja na kutembea moja na nusu ni mchezo wa watoto. Walikuwa na haki kwa upande wao. Tuliwaambia wakimbie watakavyo, lakini kila wafikapo mbele hatua 200 wageuke, wamrudie mtu wa mwisho, kisha waende tena. Kwa njia hii kijana hukimbia mara mbili ya wengine na hakuna anayebaki peke yake nyuma. Baadhi walikubali, na wengine walituacha wakaunda kundi lao. Hatukuwazuia, na kesho watakimbia pamoja nasi.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuombe nafasi hii. Kabla ya juma la kwanza, muuguzi mmoja mstaafu ambaye ni mwanachama mwenzetu alikataa katakata kuona mtu aliyepita miaka 40 akikimbia kabla ya kupimwa shinikizo la damu. Aliazima mashine, akatupima sote chini ya mwembe. Wengi tulikuwa salama. Lakini karani mmoja wa mzani, mtu mnene mwenye kucheka, ambaye hajapata kulala hospitali maisha yake yote, alipimwa mara tatu kwa sababu muuguzi hakuyaamini macho yake. Karani alisema mashine ni mbovu. Muuguzi akaifunga mkononi mwake mwenyewe, ikasoma sawa. Siku ile ile alipelekwa hospitali.

Karani huyo yupo hapa usiku huu, na ametupa ruhusa tumtaje kwa kazi yake ingawa si kwa jina. Anatumia dawa kila siku. Kwa shauri la daktari wake anatembea na kundi, hakimbii. Maradhi haya hayana dalili za kumwonya mtu. Pengine dalili ya kwanza huwa ni kiharusi. Kama tusingaliita watu mbioni, yeye asingalipimwa, na twasema wazi ya kwamba jambo hilo latupa fahari kuliko kombe lolote.

Kuna mzee wetu aliyetuuliza katika mkutano wa Nyamuswa: mkulima aliyeshika jembe tangu alfajiri ana haja gani ya kukimbia? Swali hili ni la haki, na nusu yake hatuwezi kulijibu. Mkulima wa jembe, msimu wa kulima, anafanya kazi ya kutosha, na mbio hazitamwongezea mengi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Mama anayechota maji na kupalilia huzipata kabla ya Jumanne kwisha. Tumeona wenyewe ya kwamba akina mama wa namna hiyo walimaliza mpango wetu kwa urahisi kuliko wanaume. Lakini, mzee wetu, tazama tunavyoishi sasa. Zamani tulikwenda mnadani kwa miguu. Leo twapanda bodaboda hata kwenda shamba lililo karibu. Viongozi wetu wa Chama hukaa vikaoni. Hao ndio tunaowaita, nao wajijua.

Wala mbio si kitu kigeni kwetu. Mwaka 1934 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma. Na mwaka 1967, akiwa Rais, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Na huko Majita, Musoma, alizaliwa mwaka 1953 Suleiman Nyambui. Tarehe 1 Agosti 1980, katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow, alikimbia mita 5,000, umbali ule ule wa kesho, kwa dakika 13 na sekunde 21.60, akawa wa pili nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, kwa tofauti isiyofika sekunde moja. Medali hiyo ya fedha, pamoja na ile ya Filbert Bayi katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwenye michezo hiyo hiyo, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania ilikuwa nazo hadi kwisha kwa Michezo ya Paris mwaka 2024. Wengi wetu kesho tutatumia dakika 40 na zaidi. Asitokee mtu wa kutulinganisha.

Njia tumeipima wenyewe. Simu mbili zilitupa hesabu mbili tofauti, basi tukachukua baiskeli, tukafunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu, tukahesabu mizunguko, watu wawili kila mmoja na daftari lake. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walianza ushirika mapema katika miaka ya 1950 kwa kutaka mzani wa haki. Haitupendezi sisi warithi wao kuwakimbiza watu kilomita nne na nusu na kuziita tano.

Ombi letu liko katika ajenda ya nane. Twaomba fungu la elimu na jamii linunue mashine tatu za kupimia shinikizo la damu, moja Musoma, moja Bunda, moja Butiama, zikae ghalani na kutumiwa siku za malipo, wakati wanachama wote hufika. Twajua wapo wanaosema fedha ya pamba si ya hospitali. Twawaomba wanaosema hivyo wazungumze na karani wa mzani kabla ya kupiga kura.

Kesho mbio zitaanza saa 12 na nusu asubuhi, mbele ya ghala la pamba. Kila atakayekimbia apimwe kwanza. Muuguzi atakuwa pale tangu saa 11 na nusu. Maji yatakuwapo katikati ya njia na mwishoni. Wenye baiskeli twawaomba wafuate nyuma ya mtu wa mwisho, wasimpite. Na mwenye raba za ziada, za namba yoyote, azipeleke usiku huu kwa karani wa ghala, maana wapo wenzetu kadhaa waliofanya mazoezi kwa kandambili.