Diski inayotoka nje: tuipokee namna gani?

Maneno yaliyotolewa mbele ya wanamemba, Bunia



Komite iliniomba niongee juu ya kitu kidogo kinachoingia mfukoni: diski ya nje, pamoja na mdogo wake, fleshi. Najua wengine wanasema moyoni, "hiyo ni mambo ya watu wa ofisi". Hapana. Tuangalie kwanza kilicho ndani.

Ndani ya diski ya chama kuko majina ya familia zilizorudi, na kijiji ambako kila moja imerudia, ikiwa ni Djugu, Irumu ao Mahagi. Kuko namba za simu, hesabu ya michango, majina ya waliokopa. Kuko foto za karata za parsele, juu karata zenyewe ziliungua pamoja na nyumba. Kati ya waliovuka Ziwa Albert mwaka 2018, wakashukia Sebagoro na kupelekwa Kyangwali kule Uganda, kuko mtu aliyerudi na foto moja tu kwenye simu ya mtoto kuonyesha kwamba shamba ni lake. Foto hiyo ikipotea, mbele ya shefu wa kijiji anabaki na mdomo tu.

Kwa hiyo hatari ni mbili. Ya kwanza ni kupoteza. Ya pili ni habari zetu kufika kwa mtu asiyefaa kuzijua. Katika Ituri hii yetu, orodha inayosema nani anaishi wapi na ni wa kabila gani si karatasi ya kawaida. Hata mashirika makubwa yanapatwa: mwezi wa kwanza 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mtandao walifikia habari za watu zaidi ya 515.000, kati yao watu waliotenganishwa na familia zao kwa vita na uhamaji. Wizi ule ulipitia mtandao, haukupitia fleshi. Lakini unatuonyesha kwamba majina ya watu maskini nayo yanatafutwa.

Na fleshi je? Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya Mandiant walieleza wapelelezi wanaohusishwa na China, walioingia mitandao ya mashirika mengi kwa njia ya fleshi. Sehemu kubwa ilianzia kwenye matawi ya mashirika hayo hapa Afrika. Kenya na Tanzania zilitajwa. Walitaja pia maduka ya kuchapisha na cyber kama mahali ambapo virusi inapita toka fleshi moja kwenda ingine. Sisi wote tunajua mahali hapo: tunapeleka fleshi sekretaria ya barabarani, inachomekwa kwenye mashini ambayo asubuhi ile imekwisha kupokea fleshi za watu makumi, wengine wakija kuwekesha nyimbo na filme.

Virusi inaingia namna gani? Zamani ilitosha kuchomeka tu, Windows inaifungua yenyewe. Conficker, iliyotokea mwaka 2008, ilitumia mlango huo, na Microsoft ilikuja kuufunga kwa fleshi. Windows za zamani zilipata dawa hiyo mwaka 2011. Siku hizi virusi nyingi zinatumia mkono wako mwenyewe. Zinaficha folda yako, zinaweka mahali pake alama yenye jina lile lile. Unabonyeza, foto zako zinafunguka kweli, unafurahi, na virusi imekwisha kuingia. Dalili iko: mshale mdogo kwenye pembe ya alama, na kwenye safu ya aina mtasoma "Raccourci" badala ya folda. Folda iliyokuwa na foto elfu ikionekana na uzito wa kilo-okteti moja ao mbili, mtoe mkono.

Sasa, diski ikifika tufanye nini?

Kwanza, tuulize: imetoka wapi, imepita wapi, nani aliileta? Tuandike ndani ya buku. Fleshi iliyookotwa njiani isichomekwe kabisa. Huko Marekani, watafiti wa chuo kikuu cha Illinois waliacha fleshi 297 chini, na karibu nusu ziliishia kufunguliwa na walioziokota. Udadisi ni wa watu wote.

Pili, isiingie kwenye mashini ya hesabu ya chama, wala mashini ya mtu wa shirika. Tuwe na mashini moja ya zamani, isiyo na orodha yoyote, intaneti imezimwa. Kama inawezekana, iwashwe na Linux. Linux ni ya bure, na inaweza kuendeshwa toka kwenye fleshi bila kugusa Windows. Virusi iliyotengenezwa kwa Windows haiwezi kutembea pale kwa kawaida. Inalala tu kama faili ingine.

Tatu, kama tuko na Windows peke yake, tusibonyeze kitu mbele ya kupima. Unabonyeza jina la diski kwa kitufe cha kuume, unachagua kupima na Defender, unangoja mpaka mwisho. Antivirusi ya mwaka jana haijui virusi ya mwaka huu. Mahali intaneti ni shida, Microsoft inatoa faili ya kusasisha Defender ambayo unaweza kuchukua mjini na kuileta kwa fleshi mpya. Antivirusi ikisema hakuna kitu, tusijione tumepona, inakamata inazozijua.

Nne, tunachukua tunachohitaji tu. Foto zinaishia na .jpg, karatasi na .pdf. Chenye kuishia na .exe, .vbs ao .scr kibaki kule. Na karatasi ya Word ikiomba ruhusa ya kuendesha makro, mseme hapana.

Sasa niongee juu ya shida iliyo ngumu zaidi. Diski iko na virusi, folda hazionekani, na hakuna kopi ingine. Hapo washauri wanakuwa wengi. Kijana wa sekretaria anasema: "Tufomati tu, itapona." Ndiyo, virusi itaondoka, na foto za parsele zitaondoka nayo. Mwingine anasema: "Tufungue kwa mashini ya shirika, iko na antivirusi kali." Lakini mashini ile iko na orodha za vijiji vingine, kwa kuokoa familia zetu tunaweka zingine hatarini.

Mara nyingi foto hazijafutwa, zimefichwa tu. Basi tupeleke diski kwenye ile mashini ya Linux, ambako mafaili yaliyofichwa na virusi kwa kawaida yanaonekana wazi. Tuhamishe foto na karatasi kwenye diski mpya. Tuzifungue moja moja, tuhesabu, mwenye nazo akiwa karibu. Tupime diski mpya na antivirusi. Ni kisha hapo tu ndipo ile ya zamani inafomatiwa. Kama kuna haraka ya kesi ya shamba, haraka hiyo isitufanye turuke hata hatua moja.

Tena kuko fleshi ambayo hata fomati haiiponyi. Mwaka 2014 watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kwamba fleshi inaweza kubadilishwa ndani ijifanye klavye na kuandika amri yenyewe. Hiyo ni nadra kwetu, lakini ndiyo sababu ya kununua fleshi mpya iliyofungwa, si ya mkononi.

Kwa kuchapisha, tuwe na fleshi ya sekretaria peke yake, yenye karatasi ya siku ile tu. Ikirudi, ifutwe kwenye mashini ya Linux. Na muombe kopi iliyobaki kwenye mashini ya duka ifutwe mkiwa mnaangalia.

Diski ya orodha iwe na neno la siri. Programu ya VeraCrypt inafanya hivyo bure. Na kopi iwe mbili, nyumba mbili tofauti, juu sisi tunajua nini maana ya kukimbia usiku.

Kwa wafadhili wetu: tunashukuru, na tunaomba msitake majina yote ya wanamemba kwa fleshi ili muhakikishe msaada umefika. Njooni muone buku, ama mpokee hesabu bila majina. Sheria ya nchi nayo, Kodi ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu.

Ninaloomba komite liamue leo ni vitu vinne: mashini moja ya zamani, diski mbili mpya, buku la kuandika kila diski inayoingia, na watu wawili watakaofundishwa, mmoja wao awe mama. Bei yake si kubwa. Karata ya shamba iliyoungua ikipotea mara ya pili, hakuna mahali pa kuinunua.