Kidingapopo na Chikungunya: Majina Mawili Yaliyotoka kwa Wagonjwa

Jina la ugonjwa aghalabu huhifadhi kile ambacho mgonjwa alikihisi mwilini kabla tabibu hajafika, na majina mawili ya Afrika Mashariki, yaani kidingapopo na chikungunya, yanaonyesha jinsi maarifa hayo ya wagonjwa yalivyoingia katika sayansi ya tiba.

Mwaka 1870 Unguja ilikumbwa na homa iliyowaangusha watu kwa ghafla, ikawatoa vipele na kuwakakamaza viungo. James Christie, daktari wa Kiskoti aliyekuwa akifanya kazi kisiwani humo, aliwasikia wenyeji wakiiita "kidinga pepo", yaani kidingapopo ya leo, jina lenye maana ya mkazo wa ghafla uletwao na pepo, na akaelezwa kwamba ugonjwa wa jina hilohilo uliwahi kupita huko takriban miaka 50 nyuma. Kutajwa kwa pepo kusidharauliwe, kwani ndiko kulikoeleza kwa usahihi kabisa namna maradhi hayo yalivyomvamia mtu aliyekuwa mzima saa chache tu kabla. Christie alikisia baadaye kwamba neno "dinga" lilivushwa bahari na watumwa hadi visiwa vya Karibi, ambako lilikutana na neno la Kihispania lenye maana ya madaha na hatimaye kuwa jina la homa ya "dengue". Dhana hiyo ingali inabishaniwa.

Jina la pili lilitoka Newala, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde, ulipozuka mlipuko wa homa mwaka 1952. Maji huko yalikuwa ya shida, hivyo yakishatekwa mbali yaliwekwa akiba ndani ya nyumba. Na mbu aenezaye homa hiyo, Aedes aegypti, ambaye huuma mchana, hutaga mayai yake kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, hata mtungi wa familia ukageuka kuwa kitalu cha mbu. Watafiti Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha habari za mlipuko huo mwaka 1955, na virusi, yaani vimelea vidogo mno visivyoonekana kwa hadubini ya kawaida, vikatambuliwa kuwa chanzo chake. Chikungunya ni neno la Kimakonde linalotaja kujikunja kwa mgonjwa aliyeshikwa na maumivu ya viungo, na vitabu vinavyodai kuwa ni la Kiswahili vinawanyima Wamakonde haki yao.

Maumivu hayo, ambayo katika chikungunya huweza kudumu kwa miezi mingi ilhali katika dengue viungo kwa kawaida hupona mapema, ndiyo yaliyomfanya mtafiti Donald Carey adai mwaka 1971 kwamba homa aliyoieleza Christie haikuwa dengue hata kidogo, bali chikungunya. Ikiwa hoja yake ni sahihi, basi kidingapopo, jina ambalo Watanzania sasa huiitia dengue, lilitumiwa Unguja kwa ugonjwa uleule ambao Wamakonde, miaka 82 baadaye, waliupa jina la kujikunja.